Eti ni jasho! Siku yangu ya mazoezi ya maji baridi Stoney Cove

Jamani wazamiaji mliopo Uingereza, hasa nyie mliojifunzia kwetu Zanzibar, Nungwi na Mnemba, mkadhani mshamaliza kujua maji, hii yenu. Kuna klabu moja huku Midlands, jina sitoi maana sitaki kesi na mtu, kila msimu wa baridi wanapeleka watu ziwani kwa siku ya mazoezi ya maji baridi. Nilikwenda nao. Ushauri wangu kwa sasa: msiende. Nikitulia labda ntasema mengine, lakini bado sijatulia.

Mahali penyewe hapana kosa. Stoney Cove ilikuwa machimbo ya mawe kule Leicestershire, walipoacha kuchimba maji yakajaa, leo watu wanazamia humo mpaka siku za theluji. Foleni, parking, bei ya chipsi, hayo nayaruka. Ugomvi wangu mimi ni mkono wa kushoto.

Wasiojua niwaambie, maji ya digrii 6 huyaingii na ile wetisuti ya Mnemba, ile nguo ya kubana inayoruhusu maji kuingia. Unavaa draisuti, guo zima linalozuia maji, ndani yake unavaa nguo nene za joto, na shingoni na mikononi kuna raba nyembamba inayobana ngozi maji yasipite. Ile raba ndo kila kitu. Sasa klabu walinikodisha draisuti yao, ninavyoipaka poda ili mkono upite nikaona raba ya kushoto inanatanata, ukiivuta kidogo inafungua vinyufa vidogovidogo pande zote, na kimoja karibu na kidole gumba kishakuwa mchano kabisa. Nikamfuata instrakta, kwa adabu zangu zote, nikamwonesha. Hakuishika wallahi. Aliitupia jicho akasema hiyo nzima, halafu akawageukia wenzake akacheka, "Huyu katoka kwenye joto, kwake kila kitu kinavuja." Na wenzake nao wakacheka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule bwana si mjinga. Asubuhi alitupa somo zuri ambalo sijawahi kulipata popote. Alieleza kwa nini regulata, kile kifaa kinachokuletea hewa ya mtungi mpaka mdomoni, zinaganda: hewa inatoka kwenye mtungi ina mgandamizo wa bar 200 na zaidi, inashushwa ghafla mpaka kama bar 10, hapo inapoa vibaya sana, na maji yakiwa chini ya digrii 10 barafu inaweza kushika mle ndani vali ikabaki wazi hewa ikamwagika bila breki. Akatuambia usivutie regulata hewani huku juu kwenye upepo, subiri uingie majini, na ikianza kumwaga usiibane kwa midomo, iachie pembeni unywe hewa kidogokidogo huku mwenzio anakupa ya kwake na mnapanda, maana mtungi utakwisha mbio. Mtu anayajua yote hayo mpaka vali ya ndani isiyoonekana kwa macho kaifahamu, halafu raba iliyochanika anaoneshwa mchana kweupe haioni!

Basi tukaingia. Dakika chache za mwanzo nikasema labda kweli mimi ndo muoga. Tulishuka mpaka kwenye Stanegarth, meli ndogo ya kuvutia wenzake, ya 1910, wameizamisha pale mwaka 2000 ili watu wapate cha kutazama, na kwa kweli inapendeza, imekaa wima kwenye ukungu wa kijani na samaki mmoja mrefu aina ya pike kajiweka ubavuni kwake hajali mtu. Hapo nilifurahi sana, sitaki kudanganya.

Halafu tukaanza zoezi. Ukiinua mkono hewa ya ndani ya draisuti inakimbilia juu, kwa hiyo nilipoinua kushoto ikatoka pale kwenye mchano, viputo vinapanda, nikaanza kuzama, nikashusha mkono na maji nayo yakaingia. Yakaanza kiganjani, yakatambaa mpaka kwenye kiwiko, nikabonyeza hewa ili nisizame, nikainua tena mkono, yakafika kwapani. Mnajua maji ya digrii 6 yakifika kwapani? Unasahau jina lako. Nguo ya joto ikishalowa haina kazi tena, na majini mwili unapoteza joto upesi mara nyingi kuliko hewani, vidole vikafa ganzi nikawa nahangaika na kitufe cha hewa sikihisi. Nikampa mwenzangu ishara tumalize, tukapanda.

Huku juu nikavua. Nikauinamisha ule mkono wa draisuti mbele ya instrakta na maji yakamwagika chini kwenye zege, yakatiririka mpaka kwenye viatu vyake. Akayatazama. Akasema, "Ni jasho hilo. Watu wanatoka jasho sana ndani ya draisuti."

Jasho! Kweli unyevu wa jasho unapatikana ndani ya draisuti, hilo najua, nguo inakuwa na umajimaji mgongoni. Lakini jasho linatoka mkono mmoja tu? La kulia liligoma? Mie natetemeka meno yanagongana yeye ananiambia nimetoka jasho, tena kwa sauti ya upole kabisa, ndo ikanipandisha zaidi.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mzee mzee wa klabu hiyohiyo, kaja na chupa mbili za chai, moja ya kunywa na nyingine maji ya vuguvugu tu ya kumiminia watu ndani ya glavu. Hakuuliza kitu. Kanivika koti lake, akaishika ile raba, akaivuta, ikachanika yote mkononi mwake. Akamtazama instrakta. Instrakta akaenda kupanga mitungi.

Nikaandika barua pepe kudai hela ya kukodi. Wamejibu kwamba raba imebadilishwa na nakaribishwa tena bure siku nyingine. Msamaha hakuna, neno jasho halimo. Sasa niseme nini? Ziwa zuri, somo zuri, na mtu anayetaka kuzamia huku lazima ajifunze baridi, kwa hiyo nendeni, ila na draisuti yenu. Au nunueni raba mpya wenyewe mkawabandikie. Nilitaka kutoa nyota tatu, lakini nimeisoma tena ile barua pepe sasa hivi. Mbili. Zote mbili za yule mama.