Diski nne ndani ya miezi kumi na moja: uzoefu wangu wa kuagiza mtandaoni nikiwa Arua

Tangu Februari 2025 nimeagiza diski nne mtandaoni, zote nikiwa hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ya kwanza ilikuwa feki tupu. Ya pili ni SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani inayozunguka, iliyomo ndani ya laptopu ninayoandikia sasa hivi, nami naipenda. Ya tatu niliuziwa kama mpya, kumbe imeshatumika miaka mitatu. Ya nne nimeridhika nayo. Nawaandikia wenzangu wapiga picha, wahariri wa video na wenye vibanda vya kuchapisha, hasa ninyi mlio mbali na Kampala, maana sisi tukikosea kununua hatuwezi kurudi dukani jioni ile ile kubadilishiwa.

Kazi yangu ni video za harusi na dua za arobaini. Harusi moja ya Oli, mtaa wa hapa Arua, kuanzia usiku wa hina mpaka bibi harusi anapotolewa nyumbani kwao, inanipa GB 150 hadi 200. Laptopu ni HP EliteBook 840 G3, ya mtumba, imara sana, ila ilikuja na diski ya zamani ya GB 500, ile yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Siku moja ikaanza kulia: tak, tak, kimya, tak. Kuwaka tu ilichukua dakika nne na nusu, nilipima kwa simu. Nikaipeleka kwa mzee wetu fundi pale sokoni. Akainama, akaweka sikio juu ya kibodi, akanyamaza, kisha akaniambia, "Mwanangu, hii usiizime. Hamisha kwanza vitu vya watu, mengine tutaongea baadaye."

Alinifungulia CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ya diski. Diski ilikuwa na alama ya njano. Akanionyesha mstari wa sekta zilizohamishwa, ule ulioandikwa Reallocated Sectors. Diski huwa na sehemu za akiba, na ikigundua sehemu fulani imeharibika, kazi ya sehemu hiyo huhamishiwa kwenye akiba. Namba ndogo isiyosogea unaweza kuishi nayo. Yangu ilipanda mbele ya macho yetu tukiwa bado tunakunywa chai.

Kwa hofu ile nikanunua haraka, na hapo ndipo nilipoliwa. Kwenye soko moja la mtandaoni niliona SSD ya nje ya TB 2 kwa shilingi 98,000 za Uganda. Wakati huo SSD ya GB 500 ya kampuni inayojulikana ilikuwa karibu 190,000. Yaani hii ilikuwa na nafasi mara nne kwa nusu ya bei! Bei yenyewe ilinieleza kila kitu, ila sikuisikiliza kwa sababu nilichokuwa nikisikia ni ile tak, tak. Ikaja kwa basi, boksi zuri linalong'aa, jina la kampuni nisilowahi kulisikia.

Nikaichomeka. Windows ikaonyesha TB 1.81, na hilo lilinituliza, kwa sababu TB 2 halisi huonekana hivyo hivyo: watengenezaji wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Nikaanza kunakili harusi ya Jumamosi. GB kama sitini za mwanzo zikaenda vizuri. Baadaye mwendo ukashuka hadi MB 6 kwa sekunde, lakini haikukataa. Mafaili yote yakaonekana, majina kamili, ukubwa kamili. Asubuhi nikafungua lile la dua ya mwisho: kioo cheusi. La keki: cheusi. La wazee wakipeana mikono: cheusi. Nilikaa chini kwanza. Namshukuru Mungu kwamba kadi za kamera nilikuwa sijazifuta.

Hizi diski feki zinadanganya hivi. Chipu inayoiongoza imepangwa iiambie kompyuta kwamba nafasi ni TB 2 wakati ndani kuna GB 64 tu. Zikijaa, kinachofuata kinatupwa au kinaandikwa juu ya kile cha mwanzo, huku kompyuta ikijibiwa kwamba kazi imefanyika. Ndiyo maana kuangalia ukubwa kwenye skrini hakukusaidii kitu. Unatakiwa kuijaza mpaka mwisho kisha kuisoma tena yote. Kwenye Windows kuna programu ya H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3, zote bure. H2testw ilinijibu kwamba zilizo nzima ni GB 58 na kidogo. Nyingine zote zimepotea.

Fundi akaibandua kwa bisibisi bapa. Ndani kulikuwa na kibao cha kijani kifupi kuliko kidole changu cha shahada, na juu yake kadi ndogo ya memori, ya kawaida kabisa, ile ya simu, imeshikizwa kwa gundi. Pembeni kipande cha chuma kimebandikwa kwa gundi hiyo hiyo ili boksi liwe na uzito mkononi. Nilikishika kile chuma muda mrefu. Kuna mtu alikaa, akafikiri, akakikata kwa kipimo, ili mimi nidanganyike.

Soko lile lilikuwa linatoa siku saba za kurudisha, nami nilikuwa siku ya tano. Muuzaji akaandika, "Dada, umeiharibu mwenyewe kwa kuifungua." Kwa hilo alikuwa na pa kushikia. Usifungue kitu kabla ya kulalamika, hata ukiwa na hasira kiasi gani. Kilichoniokoa ni picha za skrini za H2testw, zenye tarehe, nilizopiga kabla ya bisibisi. Pesa zilirudi kwenye simu baada ya wiki tatu, nauli ya basi haikurudi.

Mara ya pili nilianza kwa kuijua mashine yangu. EliteBook 840 G3 ina nafasi ya diski ya inchi 2.5 ya SATA, ule muunganisho wa kawaida wa diski za laptopu, na pia ina tundu la M.2, la SSD ndogo za kibao chembamba. Hapo pa M.2 watu wengi wanaumia, kwa sababu kuna M.2 za SATA na M.2 za NVMe, muunganisho mwingine, kwa mbali zinafanana, na si kila laptopu inazipokea zote mbili. Tafuta kwanza modeli yako inakubali ipi, na urefu gani, ndipo ubonyeze kitufe cha kununua. Mimi nilichagua SATA ya inchi 2.5, Samsung 870 EVO ya GB 500. NVMe ni ya kasi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini ukitoka kwenye diski ya sahani inayokupa MB mia moja hivi kwa sekunde, SATA inayofika karibu 550 ni kama umehamia nyumba nyingine, na inakaa pale pale ilipokuwa ya zamani bila kubadilisha chochote.

Dhamana yake ni miaka mitano au TB 300 za kuandikwa, kinachotangulia. Nilipiga hesabu. Nikiandika GB 200 kila wiki ni kama TB 10.4 kwa mwaka. Hata nikizidisha mara mbili kwa ajili ya kuhariri, TB 300 zitanichukua zaidi ya miaka kumi na minne. Kwa hiyo wale wanaowatisha watu kwamba SSD inaisha haraka, kwa kazi kama yangu wasikutishe.

Safari hii sikulipa mapema. Niliomba iletwe kwa mdogo wangu Wandegeya, Kampala, alipe akishaipokea na kuikagua. Alimsubiri kijana wa boda mlangoni, laptopu iko wazi, kebo ya kuunganisha SATA kwa USB mkononi. Kijana akasema, "Kaka, mimi kazi yangu kuleta tu, lipa niende." Mdogo wangu akamjibu, "Kaa kidogo bosi, soda hii hapa." Dakika sita zilitosha: CrystalDiskInfo iliitambua, saa za kazi sifuri, kilichoandikwa sifuri. Akalipa. Kama una ndugu au rafiki Kampala wa kukufanyia hivyo, mtumie, na mtumie na nauli. Ukishalipa kwa simu kwenda kwa mtu usiyemjua, kurudishiwa pesa ni kazi.

Fundi alijaribu kunakili diski nzima ya zamani kwa programu ya Clonezilla, ikagonga sekta mbovu ikasimama. Tukaweka Windows upya na kuhamisha mafaili yaliyookoka, karibu yote. Sasa inawaka kwa sekunde ishirini na mbili. Neno moja la ukweli hapa: SSD haiifanyi laptopu ya umri huu ikubaliwe na Windows 11, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Nusu ya kazi zangu nimeshahamishia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na inakimbia vizuri.

Diski ya tatu bado inaniuma kuliko ile feki. Nilitaka diski kubwa ya sahani, TB 4, kwa ajili ya kuhifadhi harusi za miaka iliyopita. Tangazo lilisema mpya, bei 330,000. Ilikuja ndani ya mfuko wa rangi ya fedha uliofungwa kwa moto, safi, inapendeza. Nikafungua CrystalDiskInfo kabla ya kitu kingine chochote. Mstari wa Power On Hours ulisoma 27,412. Gawa kwa 24: siku 1,142. Miaka mitatu na zaidi, usiku na mchana, kwenye seva ya mtu mwingine huko duniani.

Nilipompigia muuzaji akasema, "Dada, hiyo imekarabatiwa, lakini ni kama mpya." Mimi sidharau mtumba. Laptopu yangu ni mtumba, kamera yangu ni mtumba, na kama angeandika mtumba kwa 200,000 huenda ningeinunua kwa kazi ndogo ndogo. Ila mtu akiniambia mpya, mimi naweka humo harusi ya mtoto wa watu nikiamini miaka mitano ijayo iko salama. Na hata namba ile ya saa inaweza kufutwa. Mwanzoni mwa 2025 Ujerumani wanunuzi waligundua diski za seva za Seagate walizouziwa na maduka kama mpya: SMART, ile kumbukumbu ya afya ya diski ambayo CrystalDiskInfo huisoma, ilionyesha saa karibu sifuri, lakini kumbukumbu nyingine ya ndani inayoitwa FARM ilionyesha maelfu ya saa. Ukiwa na Seagate, programu ya smartctl, matoleo mapya, inaweza kuisoma FARM kwa amri ya smartctl -l farm. Fanya hivyo siku ile ile diski inapofika.

Niliirudisha. Alinirudishia pesa zote isipokuwa nauli, bila ugomvi, na hilo nampa. Kwa kuwa nilikuwa sijaweka kazi ya mteja hata mmoja ndani yake, niliirudisha bila wasiwasi wa picha za watu kuzunguka mjini.

Ya nne, TB 4 ya nje, niliipata kwenye duka la Kampala linalotangaza mtandaoni, 480,000. Kabla ya kulipa nilimwomba dada wa duka anipigie picha stika ya diski yenyewe, si ya boksi. Hakununa. Namba ya diski iliyokuwa kwenye stika nikaiingiza kwenye ukurasa wa dhamana wa mtengenezaji, ikakubali, na dhamana ilikuwa bado haijaanza kuliwa. Nikamuuliza pia kama ni SMR au CMR, njia mbili za kuandika data kwenye sahani. SMR inapanga data kwa kulalia kama vigae vya paa, kwa hiyo kuandika upya juu yake kunakuwa taratibu. Kwa kuhifadhi tu haina shida. Kwa mashine inayoandika na kufuta muda wote ni mateso, na ndiyo sababu mwaka 2020 watu walikasirika walipojua kwamba baadhi ya WD Red, diski zinazouzwa kwa kazi hiyo, zilikuwa SMR bila kusemwa. Yangu ni SMR na nilijua nikinunua.

Mdogo wangu aliifunga kwa sponji, akaizungushia sweta lake, akamwomba karani wa basi isiwekwe chini kwenye mizigo. Diski ya sahani haipendi kugongwa, na kutoka Kampala kupita Karuma na Pakwach hadi huku ni usiku mzima.

Kuipima kwa H2testw kulichukua karibu saa ishirini, kuandika na kusoma. Umeme ulikatika mara moja. Miaka mingi Arua ilikuwa nje ya gridi ya taifa, tukitegemea umeme wa maji wa Nyagak na jenereta, kwa hiyo sisi betri tunazo. Niliacha laptopu kwenye betri ya sola, sikuigusa, nikalala. Asubuhi: hakuna kosa hata moja.

Bei zimepanda tangu mwishoni mwa 2025, kwa sababu vituo vikubwa vya akili bandia vinazinyakua chipu za memori. SSD kama ile yangu juzi niliambiwa bei yake ni 270,000. Leo asubuhi diski ya nne imesoma saa 412, sekta zilizohamishwa sifuri. Ya tano nitaiagiza baada ya Ramadhani, itakuwa nakala ya pili, na itakaa Wandegeya kwa mdogo wangu, kabatini, mbali na nyumba hii.