Hotel California: Wimbo Tuliouchoka, Albamu Tusiyoisikiliza

Hapa Kigoma wimbo wa Hotel California hauhitaji kutambulishwa. Fundi wa muziki anayepima spika kabla ya harusi huanza nao, na baa za Mwanga huupiga kwa sauti inayofika barabarani. Mimi ni mpenzi wa Eagles, bendi ya roki ya Marekani iliyoutoa, tangu nikiwa sekondari, na nakiri kwamba kwa miaka kadhaa, kila ulipoanza nilitamani mtu azime redio. Mwezi huu nimeisikiliza upya albamu nzima yenye jina hilo, vipande tisa vya takriban dakika 43, na nimeona niandike kwa sababu naamini wimbo huu umeonewa, na wenzake wameonewa zaidi.

Albamu ilitoka Desemba 1976. Wimbo wenyewe ulitolewa peke yake Februari 1977 na kushika namba moja Marekani mwezi Mei mwaka huohuo, ingawa una urefu wa dakika sita na nusu. Muziki wake aliuanzisha Don Felder, mpiga gitaa wa bendi, mashairi wakayaandika wenzake Don Henley na Glenn Frey, na Henley, ambaye ndiye mpiga dramu, ndiye anayeimba.

Nionavyo, kilichotuchosha ni namna tunavyopewa wimbo huu. Niliwahi kulipa niingiziwe nyimbo za Eagles kwenye flashi katika kibanda kimoja mjini, na nilipofika nyumbani nikakuta Hotel California imekatwa mara tu baada ya ubeti wa mwisho. Aliyekata hakujua anatupa nini. Sauti ya mwimbaji inapokwisha ndipo wimbo unapofika ulikokuwa ukienda: Felder anaingia na gitaa la solo, Joe Walsh, mpiga gitaa mwenzake, anampokea, wanapokezana kwa zamu, kisha magitaa mawili yanashikana na kutembea pamoja juu ya kodi zilezile za gitaa zilizokuwa zikizunguka tangu mwanzo, kwa takriban dakika mbili. Mtu aliyesikia nusu ya hadithi mara mia moja hana budi kuichoka.

Mashabiki wenzangu hawakubaliani katika jambo hili. Wapo wasiotaka kusikia toleo lolote isipokuwa lile la mwaka 1994, lililorekodiwa mbele ya watazamaji kwa magitaa yasiyo ya umeme pamoja na tumba, na ambalo mafundi wa spika wanalipenda kwa usafi wa sauti zake. Ni zuri kweli, lakini mimi nabaki na la 1976, kwa kuwa gitaa la umeme la Walsh lina ukali ambao wimbo wa mtu aliyenaswa mahali asipoweza kutoka unauhitaji. Rafiki yangu wa Bangwe, anayepiga solo katika kwaya, yeye huinuka na kutoka nje wimbo unapoanza, akisema ameombwa aupige mara nyingi kupita kiasi. Hata hivyo nimemtazama akiwa amesimama mlangoni: sehemu ya magitaa inapofika, vidole vya mkono wake wa kushoto huanza kubonyeza mshono wa suruali, noti kwa noti, bila kukosea.

Hasara kubwa zaidi ni kwamba umaarufu wa wimbo wa kwanza umewafanya wengi wasifike kwenye wa tisa. The Last Resort, wenye zaidi ya dakika saba, unaanza na kinanda kikiwa karibu peke yake, kisha unaeleza jinsi watu wanavyohamia mahali pazuri, wakapaita peponi na kupaharibu kwa mikono yao wenyewe. Anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika na kuona fukwe zikibadilika hatahitaji kufafanuliwa. Wasted Time ni wimbo wa kuachana ambao Henley anauimba kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia, na Try and Love Again, sauti ya Randy Meisner, mpiga besi aliyeondoka kwenye bendi mwaka 1977, ndio ninaourudia kuliko yote. Victim of Love haukunivutia. Magitaa yamejazwa mno na sauti inalazimishwa.

Naipa albamu hii nyota nne na nusu kati ya tano, na nashauri inunuliwe nzima, si wimbo mmoja mmoja, wala isichukuliwe kwenye flashi kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna kilichokatwa. Jumamosi iliyopita nilimwekea yule rafiki yangu wa Bangwe albamu hii kuanzia wimbo wa tisa kurudi nyuma, bila kumwambia ni albamu gani. Tulipoufikia ule wa kwanza, giza lilikuwa limekwisha kuingia ziwani, naye hakuinuka. Aliomba gitaa.