Huduma ya unasihi shuleni kwa binti yangu

Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Morogoro. Muhula uliopita kuna kijana alikuwa akimdai nywila ya simu yake, "kama kweli unanipenda". Mimi nilifoka. Mwalimu wa unasihi hakufoka: alimkalisha, akampa karatasi, akamwambia aandike upande mmoja yanayomfurahisha kwa yule kijana, upande wa pili yanayomtia hofu. Upande wa pili ulijaa hadi pembezoni. Mwenyewe alinionyesha ile karatasi jikoni, nikalia.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba wavulana nao huitwa, kila Ijumaa mchana, wakafundishwa kupokea "hapana" bila kisirani. Kwingi huhubiriwa wasichana tu.

Kasoro ipo, tena kubwa. Chumba kimepakana na ofisi ya walimu, hakina dari, kila neno linavuka ukuta. Na mwalimu ni huyo huyo mmoja, huku ana vipindi vya Baiolojia. Mlangoni wamebandika namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Hapo wamefanya vyema.

Wazazi wenzangu, kikao kijacho tuanze na hiyo dari.