Sanamu la mwili lenye mishipa ya bluu: nalipa staa 3, na moja nimeitoa kwa ajili ya kijitabu

Nimekaa na hii kitu kama miezi miwili ndo naandika. Ni lile sanamu la plastiki la kiwiliwili cha binadamu, unafungua kifua unatoa mapafu, moyo, ini, utumbo, kila kiungo kinachomoka na kinarudi mahali pake (utumbo mdogo labda, ukishautoa jiandae kuhangaika nao). Nilimchukulia mpwa wangu wa miaka 10, mtoto anapenda mambo ya mwili hatari.

Mazuri kwanza. Plastiki ngumu, limeshadondoka toka mezani mara mbili na halina hata ufa. Moyo unafunguka katikati unaona vyumba vyote vinne na vali zake, na ukuta wa kushoto wameufanya mnene kuliko wa kulia kama inavyotakiwa, maana upande ule ndo unasukuma damu mwili mzima. Hapo walitulia wakafanya kazi.

Sasa rangi. Mishipa mingine nyekundu mingine bluu, na hilo peke yake silaumu, michoro ya shule yote iko hivyo, ni alama tu ya kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyokwisha kuishusha. Ila hakuna popote wameandika kwamba ni alama! Alafu kijitabu kilichokuja nalo ndo kimeharibu kabisa, kinasema damu ikiwa kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) ni ya bluu na inageuka nyekundu ikikutana na hewa. Nilisoma mara mbili nikidhani macho yangu ndo yana shida.

Mtoto kashika hapohapo. "Mjomba, si unaona hata mkono wako, mshipa huo hapo wa bluu." Na kweli upo, utambishia nini?

Bahati nzuri nilikuwa naenda kupimwa damu nikaenda naye. Nesi kanifunga mpira, sindano ikaingia kwenye mshipa uleule anaousema, damu ikapita kwenye kimrija mpaka kwenye kichupa cha kizibo cha zambarau. Vile vichupa hewa imeshanyonywa ndani toka kiwandani, ndo maana damu inavutwa yenyewe, kwa hiyo hewa ya kuigeuza rangi haipo, na bado ikaingia nyekundu, nyekundu nzito, ile rangi ambayo sisi tunaiita damu ya mzee. Dogo kakodoa macho mpaka nesi akacheka.

Kinachoipa damu rangi ni hemoglobini, ina madini ya chuma ndani yake, ikishika oksijeni inang'aa na ikiachia inakuwa nzito, basi. Na wala haiachii yote. Ikitoka kwenye mapafu nafasi za kubebea oksijeni zimejaa zaidi ya asilimia 95, ikirudi na wewe umekaa tu umetulia bado kama 75 zimejaa. Hiyo bluu inatokea wapi?

Inatokea kwenye ngozi. Mwanga mwekundu unazama chini zaidi, wa bluu unarudi mapema, sasa pale penye mshipa ule mwekundu uliozama unamezwa na damu, unarudi pungufu kuliko unaorudi kwenye ngozi ya pembeni, na jicho kwa kuwa linalinganisha linakwambia hapo ni bluu. Mwaka 1996 kuna wanasayansi walipima hili wakachapisha, na walikuta kina cha mshipa na unene wake navyo vinachangia. Ndo maana mishipa midogo iliyo juujuu kabisa, kama ile ya kwenye jicho likivimba, unaiona nyekundu kama kawaida.

Akaniuliza kwa hiyo damu ya bluu haipo kabisa? Ipo, ya pweza, yeye anatumia shaba badala ya chuma. Kijitabu kizima hakina pweza, na ndo ukurasa ambao mtoto angeurudia kila siku.

Kitu kingine, mshipa mkubwa unaotoka moyoni kwenda kwenye mapafu ni ateri (mshipa wowote unaotoa damu moyoni) lakini wameupaka bluu, na wako sahihi kabisa kwa kuwa damu yake ndo inaenda kuchukua oksijeni. Ila bila maelezo mtoto aliyekariri "ateri nyekundu, vena bluu" anachanganyikiwa, wangu alidhani kiwanda kimekosea.

Kwa hiyo staa 3. Nunueni kwa ajili ya ule moyo, kijitabu kitupeni. Sisi tumeazima rangi ya kucha ya dada'angu, damu ya mzee hasa, tukapaka mishipa yote ya bluu. Imebaki mmoja nyuma ya ini vidole havifiki, na pafu la kulia sasa limegoma kuingia vizuri kwa sababu dogo kapaka nene.