Darasa la uandishi la jioni, Shangani, Mtwara

Ninaandika habari za korosho na za mji mkongwe wa Mikindani, na nilichokitaka ni msomaji asiniache njiani. Nimekipata. Mwalimu alichukua aya yangu iliyoanza na historia ndefu ya bandari, akaipandisha juu sentensi iliyojificha mwishoni: Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya kuingia bara, mwaka 1866. Aya ikaamka! Kisha unasoma kwa sauti. Pumzi ikikatika, hapo weka nukta. "Zoezi la uhakiki wa idadi ya mikorosho" likawa "kuhesabu mikorosho". Vichwa vya habari, kwa bahati mbaya, vinapitiwa harakaharaka mno. Chumba kina joto. Ada inalipwa kwa awamu, jambo linalotufaa sana sisi tunaosubiri minada ya korosho ya Oktoba.