Fantasy ya Premier League: kitasa wa kazi ngumu sasa analipwa

Tangu ianze msimu wa 2002/03, Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni ambapo unapanga kikosi chako cha wachezaji wa Ligi Kuu ya England na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani, imekuwa ikimdhulumu beki wa kati. Mtu anaruka vichwa dakika 90, anaziba mashuti kwa kifua, kisha timu yake inafungwa goli la kizembe dakika ya 88, na wewe uliyemsajili unaambulia pointi 2 za kuwepo uwanjani tu. Aliyemchukua beki wa pembeni anayepiga kona na faulo anachekelea. Msimu wa 2025/26 waendeshaji wa mchezo walileta kanuni ya pointi za kazi ya ulinzi. Namna nzuri ya kuipima ni kupitia mtu mmoja ambaye utadhani kanuni ilishonwa kwa vipimo vyake: James Tarkowski, kitasa, yaani beki wa kati, wa Everton.

Kwa ambaye bado hajaingia: mchezo ni bure, unachezwa kwenye programu ya simu au kwenye kivinjari cha kawaida. Unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unasajili wachezaji 15, yaani makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, bila kuzidisha 3 kutoka klabu moja. Kila wiki ya mechi unapanga 11, unamteua nahodha anayezidishiwa pointi mara mbili, na unapata uhamisho mmoja wa bure. Usipoutumia unalimbikizwa, mwisho 5. Ukisajili zaidi ya ulichonacho, kila jina la ziada linakukata pointi 4.

Malipo ya beki ni haya. Akicheza dakika 60 au zaidi anapata 2, chini ya hapo 1. Timu isipofungwa akiwa amecheza dakika 60, anapata 4. Goli ni 6, pasi ya goli ni 3. Kila magoli mawili timu yake inayofungwa akiwa uwanjani yanamkata 1. Kadi ya njano inamkata 1, nyekundu 3, kujifunga 2. Juu ya hayo kuna bonasi ya 3, 2 na 1 kwa waliofanya vizuri zaidi katika mechi husika.

Kanuni mpya inahesabu vitendo vinne: kuondosha mpira kwenye hatari, kuzuia shuti, kunasa pasi na kumpokonya mpinzani mpira. Beki akifikisha jumla ya vitendo 10 katika mechi moja anaongezewa pointi 2. Viungo na washambuliaji wanatakiwa kufikisha 12, ila wao wanahesabiwa pia mipira waliyoirejesha kwa timu yao. Hakuna mgawanyo. Vitendo 9 ni sifuri, na vitendo 21 bado ni 2 zile zile. Hapo ndipo watu wengi wanapolia jioni ya Jumamosi, kwa sababu kitasa wao amekwama kwenye 9 tangu dakika ya 80 na mwalimu wake anamtoa ili kupoteza muda.

Fanya hesabu uone tofauti. Everton inafungwa 2-0 ugenini, Tarkowski amecheza yote na ana vitendo 14. Zamani angeondoka na pointi 1: 2 za dakika, toa 1 ya magoli mawili. Sasa anaondoka na 3. Si nyingi, lakini ni mara tatu ya zamani, tena katika mechi ambayo timu imepigwa. Ikiisha 0-0, anapata 2 za dakika, 4 za kutofungwa na 2 za kazi. Hizo ni 8 kabla ya bonasi, sawa na mshambuliaji aliyefunga goli moja akapata bonasi ya 2. Kitasa alikuwa anazifikisha 8 pale tu alipofunga kwa kichwa kutoka kwenye kona, au timu ilipomaliza bila kufungwa naye akaokota bonasi.

Kwa nini Tarkowski? Kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yake ya soka ameipitisha kwenye timu zinazokaa nyuma na kuoga mipira. Alizaliwa Manchester mwaka 1992, akaanzia Oldham Athletic, Januari 2014 akaenda Brentford, na Februari 2016 akatua Burnley. Msimu wa 2016/17 aliutumia zaidi akitokea benchi, mbele yake wakiwa Michael Keane na Ben Mee. Keane alipouzwa Everton mwaka 2017, Tarkowski akaingia, na msimu huo Burnley ya kocha Sean Dyche ikamaliza nafasi ya 7 na kupata nafasi ya kuanzia mchujo wa Europa League. Burnley ile haikuhitaji beki wa kupamba mpira. Ilihitaji mtu wa kusimama ndani ya boksi, kuelekeza uso kwenye krosi na kuipiga ielekee ilikotoka. Kwenye kanuni ya leo, kazi ile ni fedha taslimu.

Burnley iliposhuka daraja mwaka 2022, mkataba wake ukiwa umeisha, alihamia Everton bila ada na kumkuta Keane huko huko. Misimu miwili ya kwanza, 2022/23 na 2023/24, alicheza mechi zote 38 za ligi. Kwa mchezaji wa Fantasy, takwimu hii ni tamu kuliko goli. Beki asiyekosa mechi hakulazimishi kutumia uhamisho, hakuachi ukimwomba Mungu asubuhi ya mechi, na hakukuti na shimo ambalo benchi lako haliwezi kuliziba. Kinga hiyo ilivunjika Aprili 2025 dhidi ya Manchester City, alipoumia msuli wa nyuma ya paja na msimu wake ukaishia hapo. Novemba 2025 alitimiza miaka 33. Usimsajili ukidhani bado ni yule wa mechi 38.

Magoli anayo, ila ya kuhesabu. Tarehe 4 Februari 2023, mechi ya kwanza ya Dyche akiwa Everton, aliifunga Arsenal kwa kichwa kutoka kwenye kona ya Dwight McNeil na mechi ikaisha 1-0. Tarehe 12 Februari 2025, katika dabi ya mwisho ya Merseyside iliyochezwa Goodison Park, alipiga shuti la moja kwa moja dakika ya 98, ikawa 2-2 dhidi ya Liverpool. Goli lile lililipa 6, na magoli mawili waliyofungwa yakamla 1. Lakini ukimnunua kwa ajili ya magoli umenunua bahati nasibu. Mnunue kwa ajili ya zile 2 za kazi, goli likija liwe la juu yake.

Sasa yanayoharibika. La kwanza ni kwamba mlinzi anayecheza kwenye mstari wa hatari kila mechi atakosea kwenye mstari wa hatari. Mechi yake ya kwanza na timu ya taifa ya Uingereza, dhidi ya Italia Wembley Machi 2018, alimkanyaga Federico Chiesa ndani ya boksi, VAR ikaita penalti, Lorenzo Insigne akasawazisha 1-1 mwishoni. Akaja kuvaa jezi ile mara moja tu zaidi. Agosti 2025, mechi ya kwanza kabisa chini ya kanuni mpya, Everton ikiwa kwa Leeds, mpira ukamgonga mkononi, penalti ikapigwa dakika ya 84 na mechi ikaisha 1-0. Fantasy haina adhabu ya moja kwa moja kwa kusababisha penalti, lakini inamshusha kwenye hesabu ya bonasi na, kubwa zaidi, inaondoka na zile 4 za kutofungwa. Kwa mpigo mmoja, beki wa 6 anakuwa beki wa 2.

La pili ni kadi. Aprili 2025 Anfield, alimchezea rafu Alexis Mac Allister wa Liverpool kwa mguu wa juu. Aliugusa mpira kwanza lakini mguu ukaendelea, akapewa njano, na baadaye chombo cha waamuzi kikakiri ilistahili nyekundu. Kwako wewe tofauti ya kadi hizo ni pointi 2 siku ile, pamoja na mechi za adhabu ambazo zingefuata. Njano 5 kabla ya kupita wiki ya 19 zinamfungia mechi moja, na 10 kabla ya kupita wiki ya 32 zinamfungia mbili. Vitasa wa aina hii hukaribia mpaka huo kila mwaka, kwa hiyo mwezi Desemba kagua idadi ya kadi kabla ya kupanga benchi.

La tatu ndilo watu wengi hawalioni: kazi inategemea mpinzani kuliko mchezaji. Beki wa timu inayomiliki mpira asilimia 65 hana cha kuondosha. Ndiyo maana kitasa wa timu kubwa anaweza kumaliza na vitendo 5 katika ushindi wa 3-0. Kwa Tarkowski, tafuta mechi za ugenini, tafuta wapinzani wanaopiga krosi nyingi na wenye mshambuliaji mrefu, maana kila krosi anayoipiga kichwa inahesabiwa. Everton ikiwa nyumbani dhidi ya timu iliyojifungia nyuma, matumaini yako yabaki kwenye kutofungwa, si kwenye vitendo. Angalia pia mfumo. Timu ikipanga vitasa watatu, mipira ile ile mara nyingi inagawanywa kwa vichwa vitatu.

Nina ugomvi mmoja na kanuni yenyewe. Inalipa jasho, hailipi akili. Rio Ferdinand, beki wa zamani wa Manchester United, katika ubora wake alikuwa anasoma pasi kabla haijapigwa, anasogea hatua mbili, mshambuliaji anaamua kurudisha mpira nyuma. Hakuna kitendo kilichohesabiwa hapo, ingawa hatari imekufa. Anayebutua mpira jukwaani bila kutazama anahesabiwa sawa na aliyeutuliza na kuanzisha shambulizi. Hata hivyo, kati ya dhuluma ya zamani na upungufu huu, bora upungufu. Msimu wa 2019/20 Trent Alexander-Arnold alifikisha pointi 210 akiwa ameorodheshwa kama beki, na karibu kila aliyekuwa makini alikuwa naye. Uchaguzi wa safu ya ulinzi ulikuwa umekufa. Sasa umefufuka.

Namna ya kumtumia: usimpe unahodha hata siku moja. Mweke kama beki wa pili au wa tatu, pembeni ya mmoja wa bei kubwa kutoka timu isiyofungwa ovyo, kisha jaza nafasi ya tano kwa beki wa milioni 4.0 ambaye ana uhakika wa kuanza. Hapo kanuni mpya imesaidia kweli, kwa sababu beki wa bei ya chini wa timu inayopigwa kila wiki anaweza kukurudishia 3 au 4 akitokea benchi. Ile chipu (silaha maalumu ya kutumia wiki moja) inayohesabu pointi za benchi lote, ambayo msimu wa 2025/26 zilitolewa mbili, moja kwa kila nusu ya msimu, inafaa zaidi ukiwa na mabeki wa namna hii kuliko viungo wa bei chee wanaocheza dakika 20. Ya nusu ya kwanza haikutakiwa kuachwa ikafia mkononi, maana haikuhamia nusu ya pili.

Kuhusu kuuza, mchezo unakata faida yako nusu na kushusha hadi 0.1 iliyo kamili. Umemnunua kwa 5.5, amepanda hadi 5.6, utamuuza 5.5. Akifika 5.7 utapata 5.6. Akishuka, hasara unaibeba yote. Kwa hiyo kitasa wa kukaa naye wiki 10 usimnunue kwa kukimbizana na bei.

Jambo lingine la mwaka wa AFCON: Desemba 2025 mashindano yalipoanza Morocco, mchezo uliwajazia watu wote uhamisho hadi 5 kabla ya wiki ya 16. Aaron Wan-Bissaka, aliyezaliwa Croydon, na Axel Tuanzebe, mzaliwa wa Bunia aliyekulia Rochdale, wote walifundishwa soka Uingereza lakini wanaichezea Kongo (DRC), na waliondoka. Beki wa Kiingereza wa aina ya Tarkowski habanduki Desemba, na hiyo ni thamani ambayo bei yake haionyeshi.

Huduma yenyewe ina kero mbili. Hakuna Kiswahili, na programu hulemewa dakika za mwisho kabla ya kufungwa, watu wote wakiingia kwa pamoja. Dawa ya hiyo ya pili ni kupanga kikosi mapema na kubakiza uamuzi mmoja tu wa mwisho. Dirisha linafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Mechi ya Jumamosi ya saa 6:30 mchana ya Uingereza inamaanisha kufunga saa 7:00 mchana kwa saa za Afrika Mashariki kuanzia Agosti, na saa 8:00 mchana baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza wanaporudisha saa nyuma. Mechi ikianza Ijumaa usiku, saa 2:00 ya kwao, funga yako ni saa 2:30 usiku, kisha saa 3:30 majira yakibadilika. Jumapili ya mwisho ya Machi saa zinarudi zilivyokuwa, na wiki hiyo ndiyo inayowaacha wengi nje, kikosi cha wiki iliyopita kikiwa bado na majeruhi ndani.