Uzoefu wangu na Land Cruiser mkonga HZJ75: oili ya mbele inavyovuja na nilivyoitibu mwenyewe

Wakuu, hii gari ninayo mwaka wa sita sasa. Ni Land Cruiser pikapu HZJ75 ya 1994, wengi tunaiita mkonga kwa lile bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo, injini ni 1HZ ya dizeli, silinda sita, cc 4164, haina turbo wala mambo ya kompyuta. Naishi Karatu na kazi ya gari ni vitunguu, inashuka Mang'ola tupu inapanda na magunia, na vumbi la kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi aliyewahi kulipita analijua, laini kama unga wa sembe na linaingia kila penye tundu. Nalitaja mapema kwa sababu hilo vumbi ndo lilinitesa kwenye haya ninayoandika.

Injini sina maneno mengi maana haijanisumbua. Nilipoinunua hakuna aliyejua taiming belti, ule mkanda unaoendesha valvu, ilibadilishwa lini, kwa hiyo kabla ya kubeba gunia hata moja nikaibadilisha, kipimo chake ni kilomita 100,000 na ikikatika njiani valvu zinagongana na pistoni, hapo unaongelea hedi, yaani kichwa cha injini, siyo belti tena. Oili inameza karibu lita 10 na mimi namwaga kila kilomita 5,000. Tapeti, yaani ile nafasi ya valvu, nilipima mwenyewe kwa fila geji injini ikiwa baridi, za kuingiza hewa milimita 0.20 na za kutoa moshi 0.40, zilizokuwa nje ya kipimo ni mbili tu, ila jueni hii hairekebishwi kwa bisibisi na spana kama injini nyingi za zamani, kuna kisahani kimekaa juu ya tapeti, unapima, unapiga hesabu, ndo unaenda kutafuta kisahani cha unene unaotakiwa. Na rejeta. Kutoka Mto wa Mbu kupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa na mzigo gari inatambaa, haina haraka, na rejeta ikiwa imeziba ndo pale hedi zinapopasuka, kwa hiyo kila mwezi naipiga maji kutokea upande wa feni kwenda nje mpaka maji yatoke safi.

Sasa tuje ekseli ya mbele, maana hapa ndo hela yangu ilipopotea.

Mwaka wa pili nikaanza kuona rimu ya mbele kushoto ina oili nyeusi, na lile tufe la chuma nyuma ya tairi, lile linalogeuka ukikata usukani, limelowa na vumbi limeganda juu yake kama ugali uliokauka. Nikapeleka gereji. Wakabadilisha ile sili ya nje, ule mpira unaofuta tufe, wakapiga grisi kupitia nati ya juu, nikalipa nikaondoka. Miezi miwili tu, imelowa tena. Nikarudi, wakafanya vile vile. Mara ya tatu nikasema hapana, nafungua mwenyewe, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba kwenye ile habu, pale katikati ya tairi, kuna stadi mbili (bolti zilizosimama) zimevunjwa meno kwa kupigwa patasi. Iliniuma sana, maana gari ningeweza kuipoteza na mtu ndani.

Pale kuna kitu ambacho usipokijua lazima utumie patasi. Zile nati sita zinazoshika habu, ukishazifungua habu haitoki, kwa sababu chini ya kila nati kuna washa ndogo yenye umbo la koni, imepasuliwa upande mmoja, imejibana kati ya stadi na tundu lake. Huichokonoi. Unarudisha nati kidogo mpaka ilingane na ncha ya stadi ili meno yasiharibike, unachukua kipande cha shaba, unagonga pale, tena unagonga kwa mkato mmoja na siyo kwa kubembeleza. Unasikia "tik" na koni inalegea yenyewe. Mara ya kwanza nilitumia karibu saa nzima kwa habu moja, siku hizi dakika kumi.

Baada ya hapo kuna nati mbili kubwa za namba 54 na katikati yake washa iliyokunjwa masikio. Nunueni soketi ya 54, nawaomba. Mafundi wengi wanazigonga kwa bisibisi na nyundo na ndo maana beringi zinakazwa kwa kukisia, zikibana sana zinaungua, zikilegea tairi linacheza. Breki usiiache ining'inie kwa mpira wake, ifunge kwa waya kwenye springi.

Nilipotoa spindo, ile shafti fupi tupu inayobeba beringi, nikaingiza mkono ndani ya tufe nikatoa supu. Siyo grisi, supu kabisa, nyeusi, inanuka oili ya difu, yale magia ya katikati ya ekseli. Hapo ndo nikaelewa: ndani kabisa, pale ekseli inapotokea kwenye mrija wake, kuna sili nyingine, na hiyo ikichoka oili namba 90 ya difu inaingia kwenye tufe, inaiyeyusha grisi, kisha vyote viwili vinatoka nje. Sili ya nje ni ya kufuta vumbi tu, haiwezi kuzuia oili hata uibadilishe kila wiki. Kwa hiyo wakati mimi nahangaika na rimu kuchafuka, kule juu difu ilikuwa inabaki kavu na CV jointi, ile jointi ya ekseli iliyo ndani ya tufe, haina grisi.

Nikaosha kila kitu kwa dizeli, nikafuta, nikaweka sili mpya ya ndani, grisi nyeusi ya molibdenamu, beringi nikazipaka kwa kiganja mpaka grisi itokee upande wa pili. Zile shimu nyembamba za juu na chini ya tufe nilizifunga kwenye karatasi mbili tofauti nikaandika JUU na CHINI, msizichanganye. Halafu kuna kupima ule ugumu wa tufe kugeuka kabla ya kurudisha tairodi, ile fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele, na kifaa chake ni mizani ya kuning'iniza, nikatumia ile ile tunayopimia vitunguu, unaifunga kwenye mkono wa usukani unavuta unasoma. Kilo zake ziko kwenye kitabu cha gari, fuata hizo.

Wiki tatu. Ikavuja tena, na safari hii pande zote mbili.

Nilikata tamaa kweli, nikajua nimeuziwa sili feki. Jioni nikapita kwa mzee mmoja jirani yangu, fundi wa magari ya watalii toka zamani, nikamwamkia nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sili zako mwanangu hazina kosa. Umeangalia briza?" Briza ni kile kitundu kidogo juu ya ekseli ambacho difu inapumulia. Akaja na tochi, akakigusa, kimejaa vumbi la Mang'ola limeshikana na oili mpaka limekuwa kama saruji. Difu ikipata joto hewa inatanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili ipite kwenye sili, na sili ni ya mpira, itashindana mpaka lini? Akanionyesha pia ekseli, pale sili inapokaa kuna mfereji umelika, akaniambia sili mpya usiizamishe mpaka mwisho, iache nje kidogo ikae kwenye chuma ambacho hakijalika.

Nikanunua briza mpya mbili, moja ya mbele moja ya nyuma, nikazipandisha kwa mpira wa dizeli mpaka ndani ya boneti na nyuma ya kebini ambako vumbi na maji ni kidogo. Kazi ya nusu siku. Mpaka leo ni mwaka wa nne, nimefungua mara moja tu kubadilisha grisi, na tufe likifutwa kwa kitambaa kitambaa kinatoka na vumbi kavu.

Ukienda dukani sema wazi HZJ75, rimu za nati 6, springi za bapa mbele. Kuanzia 1999 walipokuja na 78 na 79 mbele waliweka koili na rimu zikawa nati 5, na muuzaji asiyejali atakupa seti ya hizo. Kwenye sili na beringi nanunua za Kijapani zenyewe hata kama bei ni mara tatu, kwenye bushi za springi za kawaida zinanitosha.

Kuhusu kuendesha, usukani mzito, kiti kigumu, mafuta inakunywa, mimi napata kilomita 7 au 8 kwa lita na mzigo. Anayetaka starehe ya lami achukue Prado. Ila kwa mtu wa mzigo na njia mbovu, mwenye jeki nzuri, stendi mbili za chuma na moyo wa kushika grisi, mimi naipenda hii gari na siiuzi. Jumamosi nafungua ngoma za nyuma, breki ya kulia imeanza kuvuta.